Swichi Namba Nne

S.L.P. 23,
Same.

Alhamisi, 7 Juni 1973.
Asubuhi ukungu mpaka saa nne, baridi, manyunyu kidogo. Same chini haikuonekana kabisa.

Kaka yangu mpendwa Aminieli,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, na kwamba ile homa uliyoitaja imekwisha kukuacha. Sisi huku juu hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake unamsumbua baridi ikizidi, lakini juzi alishuka mwenyewe kutazama maharage akarudi na mzigo wa kuni kichwani, na nilipomlalamikia akaniambia kwamba mguu ni wake na kuni ni za nyumba nzima. Ng'ombe mweusi alizaa ndama jike tarehe 29 Mei. Kahawa za mwanzo zimeanza kuwa nyekundu upande wa jua, na pale ofisini kwa chama cha ushirika tumeshaanza kusafisha mizani.

Barua yako ya tarehe 11 Mei niliipata tarehe 26. Imekaa ndani ya daftari langu siku kumi na mbili, nami si mtu wa kukaa na barua, unanijua. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, bendi yenu inataka kununua miksa ya kubebeka, mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, kama ile ya kwaya yetu, na wenzako wanagombana kama inastahili bei ile au ni kuwatajirisha wenye maduka. La pili, umeniomba kanda ya nyimbo tulizorekodi mwezi wa Machi ili umsikie mkeo. Umesema mvua ilikufungia barabara usiweze kuja kumzika Raheli, na kwamba sasa uso wake unaukumbuka vizuri ila sauti inakukimbia kila ukiitafuta. Nitajibu la kwanza kwanza, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kulifikia la pili.

Unakumbuka rekoda yetu ya zamani na maikrofoni yake moja, iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio katikati ya kanisa. Mwalimu Hezroni, mwongoza kwaya, alikuwa amechora alama za chaki sakafuni. Mwenye sauti ndogo alisimama karibu, mwenye sauti kubwa alirudi nyuma, na kila mtu aliijua alama yake hata gizani. Justa alisimama hatua moja tu na bado alisikika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Raheli alisimama hatua tano, karibu na mlango, na siku moja Mzee Eliamini akamwambia kwamba akirudi nyuma kidogo tena atajikuta kwao Ngujini na mahari itabidi irudishwe. Raheli alicheka mpaka akakaa chini. Watu walinuniana kwa ajili ya alama hizo. Lakini aliyezidi aliambiwa usoni kwamba amezidi, akarudi hatua, au akakataa kurudi na sisi sote tukajua kwamba amekataa.

Kanda tuliyoipeleka redio mwaka juzi ilirudi na barua fupi ya adabu, kwamba sauti zimefika kama fungu moja na maneno hayashikiki. Ndipo Mwalimu Hezroni akaenda Moshi, akarudi na habari za mashine mbili alizoziona dukani. Ndogo ilikuwa ya shilingi mia tano, yenye maikrofoni mbili na swichi moja kwa zote. Kubwa ilikuwa ya elfu mbili na mia nne, yenye nafasi za maikrofoni nne na kila moja na swichi yake ya kuzungusha, inayotumia betri za tochi, na mtu mmoja anaweza kuibeba begani kutoka barabarani mpaka huku kwetu. Wazee wa usharika walikaa Jumamosi tatu kwa neno hilo tu. Mzee Eliamini aliuliza kama kwa bei hiyo mashine itakuja pia kupalilia. Justa alisema angalau iwe inaosha vikombe. Hata Swalehe dereva, ambaye si wa kanisa letu na alikuwa amekuja kuchukua mizigo yake tu, alisema mwanamume mwenye maikrofoni nne ana wake wanne, na hatawasikiliza wote sawa hata akiapa. Mwishoni fedha za shamba la kwaya zilitoka zote, za misimu miwili, na mwezi wa Agosti tuliileta ile kubwa.

Nikuambie haki yake, kaka, kwa kuwa umeniuliza kama mtu anayeijua. Ni mashine safi. Sijaona kosa lake tangu Agosti. Baridi ya huku inazichosha betri, lakini hilo ni la betri. Ukivaa zile hedifoni zake za masikioni unasikia kila mtu peke yake: nani anapumua vibaya, nani hajui ubeti wa tatu anafungua mdomo tu, nani amesimama na kiatu kinacholia. Unaweza kumpandisha mtu mwenye sauti ya mbu mpaka akaongoza kanisa zima. Unaweza pia kumshusha mtu, na hakuna atakayejua ila wewe uliyevaa hedifoni. Yeye mwenyewe hajui. Anaendelea kuimba.

Palihitajika mtu wa kukaa nayo. Mwalimu Hezroni alisimama mbele ya kwaya akasema kuimba anaweza yeyote, lakini mashine hii inamtaka mtu aliyemaliza kidato cha nne na anayeandika tarehe hata kwenye mfuko wa chumvi. Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Siku hiyohiyo beti za peke yake, ambazo nilizishika mimi tangu niliporudi kutoka shule mwaka 1968, alipewa Raheli. Katika daftari la tarehe hiyo nimeandika hivi tu: "Nimepewa kazi ya mashine. Mvua alasiri." Jioni Raheli alikuja na ndizi, akaniambia wifi, mimi sikuomba. Nikamwambia ni jambo dogo. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia ndizi zimeiva vizuri.

Tulirekodi Jumamosi tarehe 10 Machi, kuanzia saa nane mchana. Nyimbo tatu. Mwalimu Hezroni alikataza tusizisikilize siku ile ili betri zisiishe, akasema tutasikiliza wote pamoja baada ya Pasaka betri mpya zikija kutoka Same. Mengine ya siku hiyo nitayarudia chini.

Tarehe 27 Machi Raheli alifariki kwa homa ya mapafu. Hayo uliandikiwa. Ila sidhani kuna aliyekuandikia kwamba tulipokuwa tunamteremsha kwenye machela kuelekea barabarani, mvua ikiwa imezidi na njia imekuwa utelezi, alikuwa anaguna wimbo bila maneno, na wabebaji walikuwa wanakwenda kwa mwendo wake bila kujua. Nilikuwa nyuma nimeshika mwavuli. Wimbo uliponyamaza, waliendelea na mwendo uleule kwa hatua kadhaa, kisha wa mbele akasimama.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeikanyaga alama yake pale mlangoni. Hakuna aliyekataza. Watu wanaingia kanisani, wakifika hapo wanapinda kidogo kama maji yanavyokwepa jiwe, hata wageni. Mimi mwenyewe niliifuta kwa kitambaa chenye maji tarehe 15 Aprili, sakafu ikabaki safi kabisa, na Jumapili iliyofuata wote walipinda palepale.

Baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe 28 Aprili, mama yake Raheli alikuja. Alishuka kutoka Ngujini kwa miguu, akapanda basi mpaka Same, akapanda mlima na lori la Swalehe, na alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda arusini. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wake amewekwa ndani ya mashine. Unamjua Mama Rogathe, si mtu wa maneno. Tulimweka kwenye benchi la mbele, kwaya nzima nyuma yake, wazee pembeni, nami nikawasha. Wimbo wa kwanza ulikwisha. Wa pili ukaisha. Mwalimu Hezroni alianza kunitazama. Mama Rogathe alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akiitazama rekoda kama mtu anayeutazama mlango. Wimbo wa tatu ulipokwisha na kanda ikawa inazunguka tupu, aligeuka akamwuliza Mwalimu kwa upole Raheli anaanza lini.

Beti zake zote mle ndani zilikuwa kimya, na chini yake wengine wanaguna, wanangoja, wanaingia kwa wakati wao kama watu wanaomjibu mtu ambaye hayupo.

Mwalimu Hezroni aliinuka, akaichomoa maikrofoni namba nne, ile ya Raheli, akaipuliza, akaifuta kwa shati lake, akasema lazima waya umekatika ndani. Mama Rogathe alisema haidhuru, labda atakuwa kwenye kanda nyingine. Akafunga khanga yake vizuri, akaomba maji. Alilala kwetu kwa Mama usiku mmoja, akaondoka.

Tangu hapo kijiji kizima kina neno moja. Mzee Eliamini anasema tumenunua kwa elfu mbili na mia nne kitu kinachochagua mtu wa kummeza, na kwamba maikrofoni ya mpini wa ufagio haikuwahi kumwacha mtu. Wengine wanasema Mwalimu alipewa chochote na mwenye duka. Keshokutwa Jumamosi wazee watakaa. Wanataka mashine iuzwe kwa mwenye baa mmoja wa Same, Mwalimu Hezroni aondolewe kwenye kwaya, na kanda ifutwe itumike tena, kwa kuwa nyimbo zenye shimo hazitapelekwa popote. Mwalimu amekonda. Kila alasiri akitoka shamba anaingia kanisani, anaunganisha maikrofoni namba nne, anahesabu moja, mbili, tatu, nayo inafanya kazi. Amebandua mfuniko, amekagua waya kwa waya. Mara tatu ameniuliza kama siku ile nilisikia kitu chochote masikioni, na mara tatu nimemwambia mimi si fundi.

Kaka, waya haukukatika.

Siku ile maikrofoni zilikuwa nne, kila moja imewekwa karibu na watu wake, na ya Raheli iliwekwa mbele karibu na mimbari. Lakini sakafu ilikuwa bado na chaki ya zamani, na watu wanaijua chaki kwa miguu yao. Wote walikwenda kusimama kwenye alama zao za miaka yote, naye akaenda kwenye yake, hatua tano, mlangoni. Hakuna aliyeliona hilo, hata Mwalimu, kwa kuwa tulikuwa tumewaona hivyo siku zote. Mimi peke yangu ndiye niliyelisikia. Wimbo wa kwanza ulipoanza, sauti ya Raheli ilikuja masikioni mwangu kama ya mtu anayepita nje na shughuli zake.

Ilitakiwa nipandishe swichi namba nne, au niinue mkono niwasimamishe, nimwambie wifi, sogea. Kazi ya nukta moja. Nilikuwa nimeshaushika ule mkono wa swichi. Nikajiambia ngoja kwanza nisikie wengine wakoje. Wengine walikuwa wazuri, na pale penye beti zake palikuwa wazi, na mimi nilizijua beti zile neno kwa neno. Niliziimba moyoni, mdomo umefungwa, na masikioni zilikaa sawasawa na wenzangu. Huo ulikuwa wimbo wa kwanza. Ningeweza kusema kwa huo kwamba nilizubaa.

Kabla ya wimbo wa pili Raheli alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliiacha alama yake, akaja mbele mpaka kwenye maikrofoni, akasimama vizuri kama inavyotakiwa, na alipoanza alinijaa masikioni kiasi cha kuniumiza. Nilizungusha swichi namba nne kuishusha mpaka ikagota. Sikuirudisha. Aliimba nyimbo mbili, mbele ya watu wote, kwa nguvu zake zote, macho amefumba, na kifua chake tayari kilikuwa na kikohozi ambacho alikizuia mpaka kila ubeti uishe. Watu mle kanisani walimsikia. Justa alilia. Kanda haikumsikia.

Tulipomaliza alikuja akaniomba asikie ubeti mmoja tu. Nilimwambia betri zimechoka. Betri zilikuwa nzima. Akasema basi tutasikia baada ya Pasaka, akanisaidia kukunja waya.

Nilidhani kutakuwa na muda. Nilidhani nitasema palitokea kosa, turudie, na ningerudia kwa haki, nadhani ningefanya hivyo, ingawa daftari langu la siku zile kumi na saba halina mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba nilikuwa na nia hiyo. Nimeandika mvua, na maharage, na bei ya mafuta ya taa.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na sijui wenzako watalitumiaje. Wakati wa mpini wa ufagio, kama ningetaka Raheli asisikike, ingenibidi nimwambie mbele ya watu arudi nyuma, naye angenijibu, na Mzee Eliamini angetutania wote wawili. Hii haikunidai neno. Ilikaa chini ya kidole changu ikafanya nilichotaka, vizuri kabisa, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Kama mtainunua, isikae na mtu mmoja. Na awe na hedifoni mtu ambaye hakuwahi kuimba.

Keshokutwa nitasimama mbele ya wazee niseme. Nimetaka wewe ujue kabla yao, kwa kuwa wao wamepoteza fedha tu. Mwalimu Hezroni nitamwambia kesho asubuhi nyumbani kwake, ili asilisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Kwa Mama Rogathe nitakwenda mwenyewe Ngujini wiki ijayo. Mama hapa bado hajui, na hilo linanitisha kuliko wazee wote.

Sasa kuhusu kanda. Nimeitoa kabatini bila ruhusa, kwa sababu wakiifuta hakutabaki kitu. Nimeifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga na Swalehe ataipeleka mpaka Dar es Salaam, kwa yule rafiki yako wa bandarini. Ukiipata, usitafute beti zake katika wimbo wa kwanza wala wa pili. Hazimo. Nenda kwenye wimbo wa tatu, ubeti wa mwisho, pale sauti nzito zinaposhika neno "nyumbani" na kulivuta. Usiongeze sauti ya rekoda, ipunguze, halafu sogeza sikio. Maikrofoni ya Justa ilikuwa wazi, na Raheli alikuwa amesimama karibu naye, kwa hiyo kuna kidogo kilichopenya upande ule. Utasikia pumzi, kisha noti moja ya juu, mbali sana, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Ni nukta sita, nimezipima kwa saa ya ofisini. Kisha kikohozi, na hicho kinasikika wazi, maana alikigeuzia upande wa Justa.

Hicho ndicho kilichobaki. Nimekisikiliza mara kumi na nne na zote nimeziandika. Mara mbili za mwisho nilidhani noti imerefuka, nikapima, ni nukta sita zilezile. Kanda inachakaa kila ikipita kwenye rekoda, kwa hiyo usiipige mbele ya wenzako.

Sikuombi unijibu. Ukiandika kwa Mama tu, nitamsomea bila kuruka neno, hata la kunihusu mimi. Ukikaa kimya nitaelewa pia.

Mama anasema usiache kuvaa fulana usiku, hata kama Mtwara kuna joto. Justa anakusalimu, na Mzee Eliamini anauliza kama huko mnapata kahawa ya kweli au mnakunywa ya korosho. Kaa salama, kaka. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Ni mimi mdogo wako,
Dorkas

Ijumaa, 8 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufunga bahasha. Ukungu umeondoka, Same inaonekana. Kanda ilikuwa tayari ndani ya kopo, sikulifungua kuisikiliza tena. Nililala saa tisa na dakika ishirini usiku.